Sauti ya Teresa Ndani ya Keshia

Barnaba Shikanga alijifunza kuogopa radi kabla hajajua kusoma. Kwao Mautuma, kwenye shamba la mahindi ambalo baba yake aligawiwa wazungu walipoondoka, radi ilipiga zizi jioni moja, ikaua ng'ombe aliyekuwa akikamuliwa na kumwacha mama yake kiziwi wa sikio moja. Tangu hapo, wingu likikunja uso tu, kila mtu nyumbani alijua kazi yake. Kioo kilifunikwa shuka, sufuria ziliingizwa ndani, redio ikazimwa hata kama ilikuwa ya betri. Hakuna aliyethubutu kuuliza betri na mbingu vina ugomvi gani. Mama alikuwa na sikio moja la kutolea ushahidi, na hilo lilitosha.

Alipokuwa mtu mzima akafanya kazi kwenye kiwanda cha sukari upande wa Butali, akitunza mota na nyaya, mpaka wafanyakazi walipopunguzwa naye akapunguzwa pamoja nao. Akaja mjini Kakamega, akapanga chumba Shieywe, akafungua kibanda cha kutengeneza redio na televisheni. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimletea redio iliyokufa, hakusalimii vizuri, ila anaipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto, na ukirudi kesho unaikuta inaimba.

Teresa Ayuma alikuja na redio ya shangazi yake. Alikuwa fundi wa kushona, msichana wa Shinyalu, mcheshi, mwenye kusema kwa niaba ya watu wawili, na labda ndiyo maana walipatana, wakaoana. Kitu kimoja tu kiliwalinganisha kabisa: radi. Kakamega mvua haibishi hodi. Saa za alasiri inaingia tu, na ngurumo zake zinatikisa vikombe kabatini. Mji mzima unachomoa. Kinyozi anaacha kichwa nusu, mwenye duka anachomoa friji, na watu wanakaa kimya gizani hadi ipite. Nyumbani kwa Barnaba aliyepiga kelele alikuwa Teresa, na aliyekimbilia ukutani alikuwa Barnaba. "Baba Bevi, chomoa!" Naye anachomoa. Miaka yote ya ndoa yao ilikuwa hivyo, hata ikawa mkono wake unafika kwenye plagi kabla yeye mwenyewe hajajua amesimama.

Kisha Teresa akaanza kukonda. Ulikuwa ule ugonjwa ambao miaka hiyo watu waliutaja kwa kuinamisha sauti, na kwenye mazishi ukaitwa kifua. Beverly, mtoto wao wa pekee, alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Teresa hakujidanganya hata siku moja. Alimwambia mumewe amletee rekoda na kanda tupu, amtegee vizuri pale kitandani, halafu atoke nje.

"Hii ni ya Bevi," alisema. "Utampigia siku ataingia darasa la kwanza. Wewe usisikilize. Wewe nimekuambianga yote, ata ingine umechoka nayo."

Barnaba alicheka, akatoka, akaenda kulia nyuma ya choo ambapo majirani hawamwoni. Kutoka uani alisikia sauti ya mkewe ikipanda na kushuka, bila maneno. Teresa alijaza kanda tatu kwa siku kadhaa, akipumzika, akikohoa, akianza tena. Alipomaliza alizifunga kwa kitambaa cha kitenge, akaziweka ndani ya sanduku lake la nguo pamoja na kanda zake za nyimbo za kanisa. Hakuishi kuona mvua ndefu za mwaka uliofuata.

Alizikwa Mautuma, nyumbani kwa mume, kama inavyotakiwa. Sanduku lake nalo lilipelekwa pamoja naye, likabaki kule, kwenye nyumba ya baba mkwe, kwa sababu vitu vya marehemu haviguswi mpaka ukoo ukae siku ya kugawa nguo. Siku hiyo ikaahirishwa, mara mvua, mara mavuno, mara mzee mmoja amelazwa. Barnaba angeweza kuomba afunguliwe achukue kanda zake tu. Hakuomba. Aliona ni aibu mwanamume kuonekana ana haraka na vitu vya mkewe. Walipokaa hatimaye na sanduku likafunguliwa juu ya sakafu ya udongo, nguo zilitoa harufu ya uyoga. Kanda zilikuwa zimeota ukungu mweupe ndani kwa ndani, kati ya mkunjo na mkunjo wa utepe.

Alijaribu kwanza kanda moja ya nyimbo. Iliimba vizuri, lakini kila utepe ulipopita kwenye rekoda uliacha unga wa kahawia, na nyuma yake ukabaki mwangavu kama plastiki ya kufungia sigara. Alipoirudisha aipige tena, ilikuwa bubu. Barnaba alielewa. Kanda za Teresa zingesema mara moja tu, kisha basi.

Hapo ndipo Keshia inaingia kwenye hadithi hii.

Kulikuwa na mama mmoja mjini, Dorothy Were, mwenye ofisi ya kuchapa. Watu walimpelekea mitihani, barua za maombi ya kazi, na zaidi ya yote programu za mazishi, kwa maana Kakamega miaka ile ilizika sana. Alikuwa na kompyuta tatu, na zote zilikuwa na diski ndogo zilizojaa pomoni. Historia ya marehemu ikianzwa kwenye kompyuta hii, lazima ibebwe kwa disketi hadi ile yenye printa, na disketi zilizoea kufa njiani. Alimwuliza Barnaba kama hakuna namna kompyuta zote zikaweka vitu vyao chungu kimoja na kila moja ikachota humo.

Barnaba alikuwa na mpwa chuo kikuu aliyekuwa amemletea sidii yenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na ndani yake programu ya bure iitwayo Samba, ambayo kazi yake ni hiyo hasa: kuifanya mashine moja iwatunzie wenzake faili kupitia waya. Programu alikuwa nayo, mashine hakuwa nayo. Kompyuta ya nne Dorothy hangeinunua. Lakini supermaketi moja mjini ilikuwa imefunga milango, na vyombo vyake vikauzwa kama chuma chakavu. Barnaba akaokota pale mashine ya keshia, ile yenye droo inayoruka na karatasi ya risiti. Alipoifungua alikuta tumboni mwake ubongo wa kompyuta kamili, mdogo na mvumilivu, uliotumia maisha yake yote kujumlisha unga na sabuni.

Aling'oa droo, mahali pake akaweka diski kubwa aliyoipata kwenye mtumba, akaunga waya, akahangaika nayo wiki baada ya wiki mpaka ikakubali. Haikuwa na skrini. Ilikuwa na kile kidirisha tu cha kijani cha kumwonyesha mteja bei, na Barnaba akakifundisha maneno matatu. Ikiwa tayari iliandika KARIBU. Ikiwa inaandika vitu kwenye diski iliandika NGOJA. Ikizimwa kwa heshima, kwa amri kutoka kwenye kompyuta, inamaliza shughuli zake na kuandika KWAHERI, na hapo ndipo unaruhusiwa kuchomoa. Wachapaji wa Dorothy waliipenda kuliko televisheni. Waliiita Keshia, wakaisalimu asubuhi.

"Sikizeni," Barnaba aliwaambia, na siku hiyo alisema maneno mengi kuliko ya mwezi mzima. "Hii mashine inapokea vitu inashika mkononi kwanza, inaandika polepole baadaye. Ukichomoa ikiwa imeshika, inaangusha vyote, na pengine inaangusha hata orodha yake ya kujua nini kiko wapi. Mvua ikija, amri kwanza. Mungoje KWAHERI. Nani amesikia?"

Wote walisikia. Akabandika karatasi juu ya plagi: USICHOMOE. Na kweli, watoto wa watu waliozaliwa na kulelewa kwenye kuchomoa, walijizuia. Ngurumo ikipiga walisimama mbele ya kile kidirisha wakitetemeka, wakiomba Keshia iage upesi. Dorothy peke yake hakuiamini. Kila jioni alinakili kazi za siku kwenye disketi akapeleka nyumbani ndani ya mkoba.

"Mama Were, unanitukana," Barnaba alimtania.

"Sikutukani. Hiyo kitu haina uso. Mimi naogopanga kitu haina uso."

Barnaba alicheka, na mbele utajua kwa nini kicheko hicho kinaniuma kukiandika.

Aliamua sauti ya Teresa ikae ndani ya Keshia. Kompyuta moja ya Dorothy ilikuwa na kadi ya sauti. Angeunga rekoda hapo, apige kanda mara yake moja, na sauti ipite kwenye waya hadi diski kubwa. Kwenye disketi isingeingia. Disketi moja ingemeza dakika chache ikavimbiwa. Dorothy alimpa ufunguo bila maswali. Mwezi wa kumi na mbili, Jumapili baada ya kanisa, ofisi ikiwa tupu, Barnaba alisafisha kanda ya kwanza kwa pamba na spiriti, akaipiga. Alizima spika kabisa. Alitazama tu mistari ikicheza kwenye skrini, mirefu pale alipopaza sauti, mifupi pale aliponong'ona. Mkewe alikuwa anasema mbele yake na yeye hakusikia, kwa sababu alikuwa ameahidi. Nyuma ya rekoda ulibaki unga, na utepe mwangavu usio na kitu. Jumapili ya pili akafanya vivyo hivyo. Kanda mbili zikaingia salama. Hakuzifungua hata kuzionja.

Jumapili ya tatu alichoka kuwa mwaminifu. Simlaumu, nami sijui nani angemlaumu. Ilikuwa kanda ya mwisho. Baada ya hapo sauti ile ingekuwa ya Beverly, si yake. Alitaka kumsikia kidogo tu, hata asishike maneno, asikie jinsi alivyokuwa akivuta jina la mtu. Nje jua liliwaka. Kidirisha kiliandika NGOJA, kikaendelea kuandika NGOJA. Barnaba akanyoosha mkono, akafungua spika.

Kwanza akasikia mvumo wa utepe, na kuku akilia uani kwao Shieywe. Kisha ngurumo. Kisha Teresa, karibu kabisa, kwa ile sauti yake ya kuamrisha nyumba:

"Baba Bevi! Chomoa hiyo kitu! Hausikii radi? Chomoa haraka!"

Naye akachomoa.

Hakufikiri. Hakupata nafasi ya kufikiri. Mkono ulikuwa umeshafika ukutani, umepita juu ya karatasi aliyoiandika mwenyewe, umeng'oa plagi ya Keshia kama ulivyozoea kufanya miaka yote ya ndoa mke huyu akimwambia. Siku Teresa alipokuwa akirekodi alimwita vivyo hivyo kutoka kitandani, naye akakimbia kutoka uani akachomoa rekoda. Alikuwa amesahau kabisa. Sasa alisimama na waya mkononi, jua likiingia dirishani. Kidirisha cha kijani kilikuwa cheusi. Rekoda, iliyokuwa kwenye plagi yake nyingine, iliendelea kuzunguka na kumwaga unga, na Teresa, aliyeanza tena kurekodi radi ilipopita, akaendelea kusema, lakini Barnaba alikuwa akipiga mayowe na hakusikia hata neno. Alipojikamata na kuizima, kanda ilikuwa imefika mwisho.

Aliiwasha Keshia tena. Haikuandika KARIBU. Akaleta skrini ya kompyuta nyingine, akaiunga, akakuta mashine imejaa maswali ya Kiingereza: kitu hiki hakina mwenyewe, nikifute? Hesabu hii haikubaliani na ile, nirekebishe? Barnaba alisoma kila swali kama mtu anayesomewa hukumu, na kila swali lilionekana kama msaada. Alijibu ndiyo. Akajibu ndiyo tena na tena, kidole kikiuma, na kila ndiyo ilikuwa inafagia kitu. Mwishowe kidirisha kikawaka, kikaandika KARIBU, naye akapiga magoti kwenye sakafu ya Dorothy akamshukuru Mungu kwa sauti.

Alifungua mahali alipoweka sauti. Hapakuwa na kitu. Kando yake mashine ilikuwa imekusanya makombo iliyoyaokota, vipande visivyo na jina, namba tupu. Alivipiga kimoja kimoja mpaka alasiri ikaisha. Vingi vilikuwa programu za mazishi zilizovunjika, na kompyuta ilipolazimishwa kuzipiga kama sauti zilikwaruza kama bati. Kimoja tu kilitoka kwenye kanda za Teresa. Kilikuwa kifupi. Ndani yake kuku alilia, akatulia, akalia tena. Barnaba alimjua kuku yule. Walimchinja Krismasi ya mwaka ule aliorekodi Teresa. Katika yote aliyosema mke wake kwa mwanawe, aliyepona alikuwa kuku.

Dorothy alipokuja Jumatatu alimkuta ameketi mlangoni, ameshika tama. Aliposikia, hakutaja disketi zake. Aliketi kando yake kwenye saruji, na nguo yake nzuri, akamshika mkono.

"Pole, Baba Bevi," alisema. "Pole sana."

Mdogo wake Teresa, Rachael, ndiye aliyekuwa akimlea Beverly mchana Barnaba akiwa kazini. Watu waliomjua marehemu walishtuka Rachael alipopiga hodi, maana sauti ilikuwa ile ile. Barnaba alipomweleza, alilia kwanza, halafu akapangusa uso kwa kanga akasema, "Leta rekoda, shemeji. Nitasema mimi. Mtoto hawezi jua."

Barnaba hakukataa. Hiyo ndiyo hali aliyokuwa amefikia. Alitega rekoda juu ya meza, akabonyeza, akarudi nyuma. Rachael akaweka sauti yake vizuri. "Bevi, mwanangu," akaanza, na Barnaba akashika ukuta, kwa sababu ilikuwa ni yeye. Kisha Rachael akanyamaza. Utepe ulizunguka.

"Niseme nini?" aliuliza. "Wewe niambie chenye alisema, mimi nikiseme."

"Sikusikia."

"Ata kidogo?"

"Alinikataza. Nilitii."

Rachael akainuka. Akazima rekoda mwenyewe, akaenda jikoni kusonga ugali, na Barnaba akasikia mwiko ukigonga sufuria kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Januari ikafika. Beverly alikuwa ameambiwa tangu zamani kwamba siku ya darasa la kwanza mama atamsemesha. Alikuwa amewaambia watoto wote wa ploti yao ya vyumba vya kupanga. Alivaa sare iliyomzidi mabega, soksi zimevutwa hadi magotini, akaja akasimama mbele ya baba yake kama anayesubiri kupokea zawadi.

"Baba, mama."

Barnaba alikuwa amepanga uongo mzuri, kwamba mama anawapenda watoto wanaosoma kwa bidii. Mdomo ukakataa. Alichuchumaa, akamwambia kwamba mashine imeharibika, kwamba maneno ya mama yamepotea, na kwamba aliyeyapoteza ni yeye. Mtoto alisikiliza bila kulia. Labda hakuelewa. Labda alielewa vizuri na alikuwa anatafuta chochote kilichosalia.

"Yote?"

"Nilisikia kidogo tu."

"Alisema nini?"

Barnaba hakuwa na kingine. "Alisema mvua inakuja," akasema. "Alisema tuchomoe."

Beverly aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa agizo. Akachukua mkoba wake, akashikwa mkono na Rachael, wakaenda.

Dorothy hakutaka tena kuona Keshia ofisini, si kwa hasira, ila kila akiitazama alimwona Barnaba juu ya ile sakafu. Akamrudishia. Barnaba aliiweka nyumbani Shieywe kwenye kona, akaiunga umeme. Kwa nini aliiunga, hajui. Diski alikuwa ameifuta mwenyewe baada ya kuchoka kutafuta; ndani hamna hata yule kuku, ila hilo Beverly hajaambiwa. Inakaa tu, imewaka kijani, KARIBU, haina wa kumtunzia chochote.

Na alasiri mawingu yakikusanyika, kabla tone la kwanza halijagonga bati, Beverly anaacha kitabu chake na kukimbia ukutani. Anang'oa plagi ya Keshia kwa mikono miwili. Hakuna anayemtuma. Kisha anakuja kusimama kando ya kiti cha baba yake, anahema, na kumwambia vile vile kila siku, kwa sauti iliyoanza kufanana na ile:

"Nimechomoa, Baba. Sasa mama yuko salama."

Barnaba humjibu, "Umefanya vizuri," na wanakaa pamoja gizani kungoja mvua ipite.